Masanduku Manne Kuzunguka Ziwa: Kambi ya Roboti Kutoka Mwanza Hadi Bunda

Jumatatu, Mwanza mjini

Leo hakuna mtoto. Kuna masanduku manne ya plastiki yenye mifuniko, orodha, multimita (kipima umeme) na meza ndefu. Msafara wa kambi, unaofundisha watoto kutengeneza roboti, utavuka kwenda kisiwa cha Ukerewe, utarudi bara kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya, utaingia Bunda, kisha utafuata barabara ya Musoma kurejea Mwanza kupitia Lamadi na Magu. Visiwani usitegemee kupata bodi au kihisi cha ziada dukani, kwa hiyo kisichofanya kazi leo hakipandi meli.

Seti moja ni ya watoto watatu. Wakiwa wanne, mmoja anageuka mtazamaji. Seti kumi na mbili zinachukua watoto 36 kwa mkupuo. Kila seti ina bodi moja aina ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoendesha roboti), kiendesha mota kimoja cha L298N, mota mbili za njano zenye gia pamoja na matairi yake, gurudumu dogo la mbele linalogeuka pande zote, kihisi cha umbali cha HC-SR04, vihisi viwili vya mstari, kishikio cha betri mbili za 18650 (za lithiamu, za kuchajiwa), swichi, na nyaya ishirini za kuchomeka. Akiba ni mota sita, L298N tatu, bodi mbili, vihisi vya umbali vitatu. Mota zimezidi kwa sababu ya vile vibati viwili vya shaba mgongoni mwake, pale waya unapounganishwa. Ni vyembamba mno. Mtoto akivuta waya mara mbili tatu kibati kinakatika, na kikikatikia karibu na plastiki hakibaki cha kulehemu. Kinga yake ni kuufunga waya kwenye mwili wa mota kwa kibanio cha plastiki, ili mvuto uishie kwenye kibanio usifike kwenye kibati.

Betri ndizo zinazokula muda. Betri ya 18650 ikijaa inasoma volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya 3.0. Ukiona sokoni betri iliyoandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha umeme inaohifadhi), iache hapo hapo; za umbo hilo zilizo nzuri hucheza kwenye 2500 hadi 3500. Ipime kwa mkono pia: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, ya uongo ni nyepesi kwa namna ya kutia shaka. Jambo lingine ni urefu. Betri zenye kinga ya ndani zinafika milimita 69 au 70, na kishikio cha kawaida kimetengenezwa kwa 65. Ukilazimisha, springi inajikunja na mguso unakuwa wa kubahatisha.

Betri ya mAh 2500 kwenye chaja inayotoa ampea 1 inahitaji karibu saa tatu. Betri 24 kwenye chaja tatu za matundu manne ni zamu mbili, yaani saa sita za umeme usiokatika. Zipangie ratiba kama unavyoipangia chakula.

Mwisho, nyaya za USB. Nyingi zinazouzwa ni za kuchajia tu, hazina nyuzi za data. Bodi inawaka taa, kompyuta haioni kitu, na mwalimu anapoteza saa nzima akitafuta kosa kwenye programu. Kila waya unachomekwa leo kwenye bodi halisi, unapakia programu ya kuwasha na kuzima taa, na unaopita unafungwa tepu nyekundu. Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340, ambayo kwenye baadhi ya kompyuta inadai programu yake ya kuitambulisha. Hiyo iwe kwenye flashi. Kwa kompyuta kongwe tunaweka Arduino IDE 1.8.19, programu ya kuandikia na kupakia amri za bodi, kwa sababu inakuja na kila kitu cha Uno ndani yake. Toleo la 2 likifunguliwa mara ya kwanza hutaka intaneti ili lishushe mafaili ya bodi, na kujua hilo darasani, bando likiwa limeisha, si wakati wake.

Jumanne, melini kwenda Nansio, Ukerewe

Betri zinasafiri peke yake, kila moja ikiwa imefungwa tepu mwisho wa chanya, ndani ya kikasha cha plastiki. Betri za aina hii zikikutana na skrubu au sarafu mfukoni zinapiga shoti, na moto wake si wa kuzimwa kwa kitambaa. Masanduku yanakaa ndani ya meli, si sitahani. Rasharasha za ziwa hazina chumvi kama za pwani, lakini maji yakiingia kwenye bodi iliyo na betri hayaulizi ni ya wapi.

Mchana, Nansio, watoto wa miaka 8 hadi 10. Hawa hawapewi Uno. Wanatengeneza roboti ya brashi: kichwa cha mswaki kilichokatwa, mota ndogo ya mtetemo iliyotolewa kwenye simu mbovu, betri bapa ya CR2032, na kipande cha tepu ya gundi pande mbili. Mafundi simu huwa na mota hizo kwenye makopo ya mabaki, uliza tu. Kwa bajeti ndogo zaidi tumia brashi ya kufulia, mota ya toi na betri mbili za kawaida za AA. Kwenye mhimili wa mota funga nati moja upande mmoja ili uzito usilingane, na mtetemo utajitokeza wenyewe.

Saa ya kwanza hupita kwenye swali moja: "Mwalimu, mbona yangu inazunguka tu?" Jibu liko kwenye nywele za brashi. Zikisimama wima, mtetemo hauna upande wa kwenda. Zilaze zote upande mmoja kwa kuzibana chini ya kitabu kizito dakika kumi, na roboti itakwenda kinyume na upande ziliolalia. Ikiendelea kupinda, betri imekaa kando ya mstari wa katikati. Isogeze milimita mbili, jaribu, isogeze tena. Mwalimu asiseme ni milimita ngapi.

Hapa kuna tahadhari isiyo na mjadala. Betri bapa ya milimita 20 ikimezwa inaweza kukwama kooni na kuanza kuunguza nyama ndani ya saa chache. Zinagawiwa kwa kuhesabiwa, zinarudishwa kwa kuhesabiwa, na mlango haufunguliwi hesabu isipotimia. Mtoto wa chini ya miaka 6 hapewi kabisa.

Jumatano, Nansio, siku ya bisibisi

Darasa la leo ni la miaka 12 hadi 17. Vijana wa visiwani wana faida moja: wengi wamekulia karibu na taa za dagaa zinazotumia betri na sola, kwa hiyo hasi, chanya na betri iliyokufa si habari ngeni kwao. Ukianza kwa kuwaeleza umeme ni nini, wanasinzia. Anza kwa kuwapa multimita na betri tatu, moja ikiwa mbovu, waitaje ni ipi.

Gari linajengwa juu ya plaiwudi ya milimita 3, sentimita 20 kwa 14. Boksi gumu lililobandikwa tabaka tatu linafaa pia, na hata soli ya ndala iliyookotwa ufukweni: skrubu haishiki vizuri humo, ila vibanio vya plastiki hushika barabara. Mota mbili nyuma, gurudumu la kuzunguka mbele, betri juu ya mota au mbele yake kidogo. Betri ikikaa nyuma kabisa, gari linainua pua kila linapoanza.

Nyaya zinaunganishwa kwa mpangilio huu, na swichi inabaki imezimwa hadi mwisho. Chanya ya betri inapita kwenye swichi kisha inaingia kwenye tundu la L298N lililoandikwa 12V. Hasi inaingia GND (tundu la hasi) ya L298N, na kutoka hapo hapo waya mwingine unakwenda GND ya bodi. Waya wa kutoka kwenye swichi unagawanyika pia kwenda VIN ya bodi, tundu la kuingizia umeme. Kwenye L298N, ENA na ENB ni za kasi ya mota, na IN1 hadi IN4 ni za mwelekeo. ENA inakwenda pini 5 ya bodi na ENB pini 6, maana hizo zinaweza kupunguza na kuongeza kasi; ondoa kwanza vile vifuniko vidogo vya plastiki vilivyo juu ya ENA na ENB, la sivyo mota zitakimbia kwa kasi moja tu. IN1 hadi IN4 zinafuata pini 7, 8, 9 na 10.

Ule waya wa GND kati ya L298N na bodi ndio unaosahaulika kuliko wote. Bodi ikipata umeme kutoka USB na mota kutoka betri, bila hasi hizo mbili kukutana, amri zinatoka lakini upande wa pili hauna cha kuzipimia. Mota inashtuka-shtuka au inakaa kimya. Vijana watakimbilia kubadilisha programu. Wazuie. Kanuni ya kambi: hakuna kugusa kompyuta kabla multimita haijapita sehemu tatu, yaani betri, matundu ya L298N, na VIN ya bodi.

Wengi wanalaumu L298N kwa sababu inameza karibu volti 2 njiani. Kweli inameza, ila kwa gari hili imekuja kwa heri. Betri mbili zinatoa wastani wa volti 7.4, mota za njano zinataka kati ya 3 na 6, zinapata 5.4 hivi. Ukiweka betri nne za AA badala yake, unabakiwa na volti 4 za mota, na bodi inayotaka 7 au zaidi kwenye VIN inaanza kujizima na kujiwasha kila gari linapoondoka. Ile betri ya mraba ya volti 9 ni mbaya zaidi: volti inazo, nguvu ya kusukuma mota mbili haina. Inakufa kabla ya chai ya saa nne.

Gari likizunguka papo hapo kama pia, mota moja inakwenda kinyumenyume. Badilishaneni nyaya zake mbili kwenye L298N. Usiruhusu kundi lisahihishe kwenye programu, kwa sababu kesho programu moja itazunguka magari yote, na gari lenye nyaya za kinyume litakuwa na ugonjwa usiojulikana chanzo. Likipinda polepole upande mmoja, hiyo ni hali ya kawaida. Hakuna mota mbili za bei hii zinazokwenda sawa. Punguza yenye mbio: kama namba ya kasi kwenye programu ilikuwa 180 kwa zote, jaribu 180 na 165. Chini ya 90 hivi mota hunung'unika bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo inapata joto.

Zamu zinabadilishwa kila dakika ishirini kwa kengele: fundi, mwandika programu, mtunza kumbukumbu. Bila kengele, kijana mmoja, mara nyingi wa kiume na mwenye sauti, atashika kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Mtunza kumbukumbu anaandika volti, kasi na kilichoharibika. Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka siku ya mashindano.

Alhamisi, Rugezi, Kisorya, Bunda

Asubuhi yote ni barabara na kivuko. Kufika Bunda, skrubu za matairi zimelegea kwa mtikisiko na nyaya nne zimechomoka. Kaza kwanza.

Darasa linaanza bila kompyuta. Mtoto mmoja ni roboti, amefungwa kitambaa machoni. Mwingine anamwongoza kwa maneno manne tu: mbele, kulia, kushoto, simama. Mezani kuna kikombe cha kufikia. "Nenda kidogo" haikubaliki, lazima hatua ziwe na idadi. Baada ya robo saa wanaelewa wenyewe kwa nini gari linahitaji kuambiwa kasi na muda.

Kisha programu ya kugeuka. Kwa kasi 180, anza na milisekunde 400 za mota moja mbele na nyingine nyuma, tazama imegeuka kiasi gani, ongeza au punguza 20. Kwenye sakafu ya saruji inaweza kuwa 380, kwenye mkeka 450. Asubuhi gari linageuka nyuzi 90 sawasawa, alasiri linageuka 75, na kundi linaapa halijagusa kitu. Ni kweli. Betri imeshuka kutoka 8.2 hadi 7.3, mota zimepungua mwendo, lakini muda umebaki ule ule. Hapo ndipo daftari la kumbukumbu linapotetea kundi. Ikifika 7.0 betri inabadilishwa, hata kama gari bado linatembea.

Umeme ulikatika saa nane mchana. Kompyuta sita zenye betri zilitosha, kila moja kwa makundi mawili, kwa sababu zilikuwa zimechajiwa mapema na mwanga wa skrini umeshushwa.

Kihisi cha umbali kinafuata. Kinatoa mlio wa kilohezi 40 usiosikika, kinapima mwangwi unarudi baada ya muda gani. Mikrosekunde ukizigawa kwa 58 unapata sentimita. Wape rula na ukuta wahakikishe kwenye 10, 30 na 100 kabla ya kuamini. Chini ya sentimita 2 hakioni. Sweta la shule linafyonza mlio, ukuta uliokaa mshazari unaurusha pembeni, na magari mawili yakitazamana kila moja linasikia mlio wa mwenzake. Kuna mtego mmoja wa programu: amri ya kusubiri mwangwi isipowekewa kikomo inaweza kungoja hadi sekunde nzima, na gari linakwenda kipofu muda wote huo. Andika pulseIn(12, HIGH, 25000), 12 ikiwa pini inayopokea mwangwi. Mikrosekunde 25,000 zinatosha mita 4.3, mbali kuliko kihisi chenyewe kinavyoona kwa uhakika.

Kama programu inagoma kupakiwa, angalia pini 0 na 1. Bodi inatumia hizo hizo kuzungumza na kompyuta, na mtoto aliyechomeka kitu pale amewaziba mdomo wote wawili.

Ijumaa, Lamadi, Magu, Kisesa

Kisesa, darasa la kufuata mstari. Somo hili ndilo linalopendwa na ndilo lenye hila nyingi.

Uwanja ni karatasi sita za manila nyeupe zilizounganishwa kwa nyuma, na mstari wa tepu ya umeme nyeusi, upana milimita 19. Kona isiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 15 kwa magari haya. Kihisi cha mstari kinatuma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kusoma unaorudi; nyeupe inarudisha, nyeusi inameza. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo, tepu nyeusi inayong'aa inarudisha mwanga mwingi ikitazamwa moja kwa moja, na kalamu nyingi nyeusi za kuchorea mabango zina wino ambao jicho linauona mweusi ilhali infraredi inaupita. Mstari wa kalamu unaonekana safi kabisa na gari linaukanyaga kama haupo. Jaribu kila tepu na kila kalamu kwa kihisi kabla ya kutandaza uwanja.

Vihisi vifungwe milimita 5 hadi 10 juu ya karatasi, vikiacha nafasi kati yao inayozidi kidogo upana wa mstari. Vikiwa juu mno, tofauti ya nyeusi na nyeupe inapotea. Kisha jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na saa tano asubuhi dirisha la mashariki linatosha kupofusha vihisi vyote vya upande ule. Gari linafuata mstari vizuri kivulini, linafika kwenye pande la jua, linakwenda zake. Uwanja uhamishiwe ukuta usio na dirisha, na kila kihisi kivalishwe sketi ya karatasi nyeusi inayokaribia kugusa chini.

Ukitilia shaka kama kihisi kinawaka, kitazame kwa kamera ya simu, hasa ya mbele. Simu nyingi zitaonyesha nukta hafifu ya zambarau. Ikikosekana, pima volti 5 kwanza kabla ya kukitupa.

Kila kundi linasoma namba zake: kihisi juu ya nyeupe, kihisi juu ya nyeusi, jumla gawanya kwa mbili, hicho ndicho kizingiti, namba inayotenganisha nyeupe na nyeusi. Kama nyeupe ni 70 na nyeusi 810, kizingiti ni 440. Kunakili kizingiti cha jirani hakusaidii, kwa sababu kila kihisi na kila urefu una namba zake. Makundi mawili yalinakili. Magari yao yalisimama kwenye kona ya kwanza, na hakuna aliyehitaji kuwaambia kwa nini. Walipanga foleni wenyewe kwenye kipande cha manila kusoma upya.

Jumamosi, Mwanza, siku ya mashindano

Uwanja ni bao moja zima la plaiwudi, sentimita 244 kwa 122, lenye kingo za mbao. Ukubwa huo unakaribiana na meza za FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ambayo ngazi yake ya Challenge ni ya miaka 9 hadi 16, na muda wake wa dakika mbili na nusu kwa raundi tumeuazima pia. Kazi yenyewe ni ya hapa: kutoa visanduku vya kiberiti vitatu mwaloni, kufuata mstari hadi kichanjani, kuvishusha, na kurudi bila kugonga mtumbwi wa boksi uliowekwa njiani. Kisanduku kimoja kimejazwa mchanga. Gari lililopangwa kwa uzito mdogo linateleza matairi pale. Funga kipande cha mpira wa baiskeli kuzunguka tairi, au sogeza betri nyuma sentimita moja.

Hatushindanishi mbio. Mbio zinampa ushindi mwenye mota nzuri, na mota nzuri ni bahati ya boksi. Kila kundi lina raundi tatu na alama ya katikati ndiyo inayobaki: ya juu kabisa inatupwa, ya chini kabisa inatupwa. Kundi lenye gari la kawaida lakini linalorudia kitu kile kile mara tatu linashinda kundi lenye raundi moja ya ajabu. Wazazi wengine hunung'unika. Ufafanuzi ubandikwe ukutani mapema, si baada ya matokeo.

Kila kundi linapewa dakika tatu mbele ya waamuzi kueleza hitilafu moja waliyoikuta na jinsi walivyoifikia. Alama zake ni sawa na raundi moja ya uwanjani. Mwalimu wa kundi anakaa nyuma na mikono mfukoni, na akigusa gari wanapoteza alama kumi.

Jumapili, kufunga

Seti mbili zinabaki kwa klabu ya shule iliyotupokea leo, pamoja na flashi yenye IDE, programu za mfano na mchoro wa nyaya uliochapwa kwa rangi. Multimita moja inabaki pia, na hiyo isiazimwe nje ya klabu. Betri zinashushwa hadi volti 3.8 kila moja kabla ya kuhifadhiwa. Zikikaa zimejaa 4.2 wakati wote wa likizo zinazeeka haraka, zikikaa tupu zinakufa. Zisilale ndani ya magari, maana swichi iliyosahaulika inazimaliza kwa siku chache. Mwalimu wa klabu azipime kila mwezi, na yoyote iliyo chini ya 3.5 airudishe kwenye chaja hadi 3.8.